Monsoon, Mausam, Msimu: Uhakiki wa Neno Moja na Fasiri Zake

Mwanafunzi anayesoma jiografia au historia kwa Kiswahili hukutana na upepo mmoja kwa majina yasiyopatana. Katika ukurasa mmoja huambiwa kwamba majahazi kutoka Uarabuni na India yalisukumwa na "pepo za monsuni". Katika ukurasa mwingine pepo hizo ni "pepo za msimu". Akibahatika kupata mwandishi mwenye asili ya pwani, atapewa "kusi" na "kaskazi", na ni nadra kuelezwa kwamba vitu hivyo vyote ni kimoja, au kwamba si kimoja. Nyuma ya mchafuko huu limesimama neno la Kiingereza, "monsoon", ambalo wafasiri wamelichukua kana kwamba lina maana moja iliyotulia, wakawa wanalitafutia kisawe kimoja kilichotulia vilevile. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hilo halijapata kutulia tangu lilipotoka katika Kiarabu. Kwamba Kiswahili kilikuwa kinalo neno hilohilo zamani, kwa maana iliyo karibu zaidi na ile ya asili. Na kwamba kutohoa "monsuni" ni kukopa kwa jirani kitu ambacho tayari kimo nyumbani.

Inafaa kwanza kutazama maana zilizomo katika Kiingereza cha leo. Mzungumzaji wa kawaida wa lugha hiyo, awe London au Mumbai, akisema "monsoon" aghalabu anakusudia mvua: mvua nzito ya siku nyingi, inayofurisha mitaro na kuangusha kuta. Mtaalamu wa hali ya hewa hakubaliani naye. Kwake yeye neno hilo ni jina la mfumo wa pepo zinazogeuza mwelekeo wake kati ya nusu moja ya mwaka na nyingine, hasa kwa kuwa nchi kavu hupata joto na kupoa upesi kuliko bahari. Mvua ni tokeo tu la pepo hizo, na si kila mahali zinapovuma ndipo inaponyesha. Kuna na maana ya tatu, iliyokaribia kusahauliwa, ambayo mabaharia wa karne ya 16 na ya 17 waliijua vyema: wakati wa mwaka unaofaa kwa safari fulani. Kamusi za kihistoria huziorodhesha maana hizi, lakini kuorodhesha si kueleza. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba maana iliyo kongwe kuliko zote ndiyo ambayo Mwingereza wa leo haijui kabisa, na maana aijuayo zaidi ndiyo iliyozaliwa mwisho.

Kwa Kiarabu neno ni "mawsim". Mzizi wake ni konsonanti tatu, w-s-m, wenye maana ya kutia alama. "Wasm" ni chapa anayopigwa ngamia ili ijulikane ni wa ukoo gani. "Wasmi" ni mvua ya kwanza ya mwaka, iliyoitwa hivyo kwa kuwa huipiga ardhi chapa ya majani mabichi. (Mvua basi ilikuwamo katika ukoo huu tangu mwanzo, ila katika tawi jingine, kufanana huko na maana ya Kiingereza cha leo ni sadfa tupu, na asijenge mtu nadharia juu yake.) "Mawsim" yenyewe imeundwa kwa kigezo ambacho Kiarabu hukitumia kuundia majina ya mahali na ya wakati, kigezo kilekile kilichozaa "masjid", mahali pa kusujudia. Kwa hiyo maana yake ya msingi ni wakati uliotiwa alama: wakati wa hija, wakati wa soko kuu ambapo makabila yaliyotawanyika hukutana, wakati wa mavuno. Neno halikuwa na upepo wala bahari ndani yake; lilikuwa neno la miadi.

Mabaharia walilichukua neno hili kwa sababu nao walikuwa na miadi. Chombo cha tanga katika Bahari ya Hindi hakiondoki siku kipendayo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki yapata Desemba hadi Machi. Kusi hufuata, kuanzia kama Aprili hadi Septemba au Oktoba, ikitoka kusini-mashariki upande wa pwani ya Kenya na Tanzania na kupindia kusini-magharibi ikisha kuvuka ikweta kuelekea Uarabuni na India. Katikati ya kusi, Juni na Julai, bahari hiyo ya kaskazini huchafuka kiasi cha kuzifunga bandari za magharibi ya India kwa vyombo vya tanga. Nahodha alihitaji basi kujua jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni tarehe. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, alitenga nafasi kubwa kwa habari ya "mawasim" katika kitabu chake cha elimu ya bahari, Kitab al-Fawa'id, kilichokamilika yapata mwaka 1490. Kinachoorodheshwa humo si pepo bali ni siku za kuondoka: kutoka bandari hii kwenda bandari ile, siku ya ngapi ya Nairuzi. Pepo zenyewe zina majina mengine, "kaws" ule wa kusini-magharibi na "azyab" ule wa kaskazini-mashariki. Yeyote anayesoma fasiri ya Kiingereza ya kitabu hicho, iliyotolewa na G. R. Tibbetts mwaka 1971, ataona jinsi ilivyo hatari kuweka "monsoon" kwa maana ya upepo kila mahali panapotokea "mawsim": sentensi nyingi hazitaleta maana.

Wasomi wa Kiswahili wana sababu ya kukisoma kitabu hicho kwa jicho la karibu. Hesabu ya Nairuzi ndiyo hesabu waliyoitumia manahodha wa pwani hii, mwaka ukigawanywa katika miongo, yaani makumi ya siku kuanzia siku ya mwaka. Na "kaws" ya Ibn Majid yaelekea sana kuwa ndugu wa "kusi" ya Waswahili. Iwapo ndivyo, jina la upepo na jina la wakati yaliingia pwani yakiwa maneno mawili mbalimbali, na Kiswahili kikayahifadhi yakiwa mbalimbali. Kiingereza ndicho kilichokuja kuyatia katika chungu kimoja.

Safari ya neno kwenda Ulaya ilipitia kwa Wareno, na si ajabu, kwani wao ndio Wazungu wa kwanza wa zama hizo kulipa gharama ya kutolijua. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huo, kusi ikianza kuamka, na kufikia tarehe 20 Mei alikuwa ametia nanga karibu na Calicut. (Dai kwamba rubani huyo alikuwa Ibn Majid mwenyewe limekanushwa na wanahistoria, ingawa bado linarudiwa katika vitabu vya shule.) Kurudi kulikuwa na habari nyingine. Aliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba mwaka huohuo, kusi imekwisha na kaskazi haijaanza, yaani katikati ya maleleji, jambo ambalo mvuvi yeyote wa Lamu angalimkataza. Safari iliyochukua chini ya mwezi mmoja katika kwenda ilichukua miezi mitatu katika kurudi. Aliwasili Malindi tarehe 7 Januari 1499, wengi wa mabaharia wake wakiwa wamekufa kwa kiseyeye, na muda mfupi baadaye ilibidi aichome moto merikebu moja, São Rafael, kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Haikuchukua miaka mingi kabla ya Wareno kuanza kuandika "moução", kisha "monção". Namna neno lilivyobadilika inaeleweka: sauti ya king'ong'o ya m ya mwanzo iliisambaa irabu iliyoifuata, na mwisho wa neno ukaingizwa katika mkumbo wa maneno mengi ya Kireno yanayoishia na -ção. Linalostahili kuangaliwa zaidi ni maana. Wareno waliipokea maana ya miadi ikiwa nzima. Barua rasmi zilizopita kati ya Lisbon na Goa zilikusanywa katika majalada yanayojulikana hadi leo kwa jina la "Livros das Monções", yaani vitabu vya misimu, kwa kuwa zilisafirishwa na merikebu zilizoondoka mara moja kwa mwaka wakati uliowekwa. Ushahidi wa pili uko mbali zaidi na wenye nguvu zaidi. Huko Brazil, katika karne ya 18, misafara ya mitumbwi iliyokuwa ikishuka mto Tietê kutoka upande wa São Paulo kwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Cuiabá iliitwa "monções". Mitumbwi hiyo haikuwa na haja na upepo wa Bahari ya Hindi. Ilikuwa na haja na wakati, yaani majira ambapo maji ya mto yanaruhusu kupita. Neno la Kiarabu lilikuwa limevuka bahari mbili na kupanda mto wa Amerika ya Kusini, na bado lilisema kile lilichosema kwa Ibn Majid: sasa ndio wakati wa kuondoka.

Waingereza walilipata neno kutoka kwa Wareno, na pia kupitia kwa Waholanzi, mwishoni mwa karne ya 16. Kitabu cha safari cha Jan Huyghen van Linschoten, aliyeishi Goa, kilitolewa kwa Kiholanzi mwaka 1596 na kwa Kiingereza mwaka 1598, na kilisaidia mno kuyaeneza maneno ya biashara ya Mashariki kaskazini mwa Ulaya. Kwa muda tahajia iliyumba, na maana nayo iliyumba pamoja nayo kati ya wakati na upepo. Aliyeipa maana ya upepo ushindi, kama ni lazima atajwe mtu mmoja, ni mwanafalaki Edmond Halley. Mwaka 1686 alichapisha maelezo kuhusu pepo za biashara na pepo hizi, pamoja na ramani inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya hali ya hewa, na akajaribu kueleza chanzo chake kwa joto la jua juu ya nchi na bahari. Tangu hapo neno halikuwa tena la nahodha anayeuliza aondoke lini. Lilikuwa la mwanasayansi anayeuliza kwa nini upepo unageuka. Mabadiliko hayo ni halali. Kila lugha ina haki ya kulifinyanga neno ililolikopa. Kosa ni la yule anayekuja nyuma na kudhani kwamba chungu kilichofinyangwa ndio udongo.

Maana ya mvua ilizaliwa na kilimo na kodi za India chini ya utawala wa Waingereza. Nchini humo zaidi ya asilimia 70 ya mvua ya mwaka hunyesha kati ya Juni na Septemba, upepo wa kusini-magharibi unapoingia nchi kavu ukiwa umebeba unyevu wa bahari. Upepo usipoleta mvua, watu hufa njaa. Idara ya hali ya hewa ya India ilianzishwa mwaka 1875, na mwaka uliofuata ukame ulileta njaa kubwa iliyodumu hadi 1878. Tangu hapo kutabiri "monsoon" lilikuwa jambo la serikali, na Gilbert Walker, aliyeiongoza idara hiyo kuanzia 1904 hadi 1924, aliutafuta ufunguo wake mpaka akagundua mshikamano wa hali ya hewa baina ya pande mbili za Bahari ya Pasifiki. Hakuna mkulima wala karani wa kodi aliyejali upepo wenyewe. Walichokingojea ni maji, na jina la upepo likahamia kwa maji hayo. Kamusi ya maneno ya Waingereza wa India ya Henry Yule na A. C. Burnell, iliyochapishwa mwaka 1886, ililijua vyema shina la Kiarabu, lakini elimu ya kamusi haikuweza kuzuia mkondo wa mazungumzo.

Ajabu zaidi ni yale yaliyotokea katika lugha za India zenyewe. Kihindi na Kiurdu vilikuwa vimelipokea neno la Kiarabu zamani, kwa njia ya Kiajemi, katika umbo la "mausam", ambalo leo maana yake ni hali ya hewa kwa jumla. Kisha Kihindi kikalichukua neno la Kiingereza na kulitamka "mansun", kwa maana ya mvua za kiangazi na pepo zinazozileta. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaishi katika nyumba moja bila kujuana. Katika Kimalei neno ni "musim", na katika Kituruki ni "mevsim", yote mawili kwa maana ya majira ya mwaka. Mtu akizipanga lugha hizi pamoja ataona kwamba zile zilizolipokea neno kutoka kwa Waarabu na Waajemi zilibaki katika uwanja wa wakati, au hazikwenda mbali nao, na zile zilizolipokea kupitia kwa Wareno ndizo zilizofikia upepo na mvua.

Kiswahili kimo katika kundi la kwanza, na kimo kwa ukamilifu. Umbo "msimu" linaonyesha mkopo wa zamani uliokwisha kusagika. Silabi maw- ilibanwa ikawa mu-, umbo "musimu" likapatikana, nalo bado linasikika. Kisha m ikasimama peke yake. Irabu -u ya mwisho imeletwa na m iliyoitangulia, kama ilivyo katika "mwalimu", "hakimu" na "elimu". Lakini dalili iliyo bora kuliko zote ni ngeli. Ma- ya Kiarabu, ambayo ilikuwa kiambishi cha kuundia jina la wakati, iligeuzwa katika masikio ya Waswahili kuwa kiambishi cha ngeli ya M-/MI-, na wingi ukawa "misimu", bila ya kujali "mawasim" ya Waarabu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa msikiti na misikiti, msumari na misumari, mstari na mistari. Neno lililoingia jana haliwi na uenyeji wa namna hiyo. "Monsuni", kwa upande wake, imewekwa mlangoni katika ngeli ya N- pamoja na wageni wengine wote, na hapo imesimama.

Kwa maana pia "msimu" una historia inayosomeka. Kamusi za zamani za Kiswahili hulieleza "musimu" kwanza kuwa ni kipindi cha kaskazi, wakati ambapo vyombo vya Uarabuni, Ghuba na India vilifika Lamu, Mombasa na Unguja. Maana hiyo ni ya bandarini: si kila upepo ulikuwa musimu, bali ule ulioleta wageni na biashara. Kutoka hapo neno lilipanda nchi kavu pamoja na mazao ya kuuza. Msimu wa karafuu, msimu wa korosho, msimu wa kahawa: yote ni nyakati ambapo kitu kinapatikana, watu wanakusanyika na fedha zinapita mikononi, jambo ambalo Mwarabu wa kale aliyekwenda sokoni Ukaz angelielewa bila mkalimani. Leo upo msimu wa watalii na msimu wa ligi ya kandanda. Wanaisimu jamii nao wameuita "misimu" ule msamiati wa vijana unaozuka na kupotea, na ni moja ya istilahi chache zilizobuniwa kwa ladha. Jirani yake, "majira", ana asili ya baharini vilevile: katika Kiswahili cha mabaharia majira ni njia inayoshikwa na chombo, kutoka Kiarabu "majra". Maneno mawili ambayo lugha hii hugawia mwaka yote yamekaa katika jahazi.

Ni kwa kuutazama utajiri huu ndipo udhaifu wa "monsuni" unapodhihirika. Mwenye kuitetea atasema kwamba istilahi za sayansi yafaa ziwe za kimataifa, ili mwanafunzi akienda chuo kikuu alitambue neno mara moja. Hoja hii ina uzito kwa maneno kama "oksijeni", ambayo hayana historia katika lugha. Haina uzito kwa neno ambalo lugha ililipata karne nyingi kabla ya Halley. Zaidi ya hayo, utohozi huu haubebi sauti tu. Unabeba na maana, na maana inayobebwa ni ile ya India. Mwanafunzi anayejifunza kwamba monsuni ni pepo ziletazo mvua kubwa atapotea atakapoitazama nchi yake. Kaskazi, katika pwani ya Kenya, ni wakati wa jua kali. Januari na Februari ni miezi mikavu kuliko yote. Vuli hunyesha katika Oktoba, Novemba na Desemba, kusi ikiisha na kaskazi ikijikusanya, na masika huanza Machi, kaskazi ikilegea. Mvua za Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa ni za mpito: hufuata ule ukanda ambako pepo za kaskazini na za kusini hukutana, unapopita juu ya ikweta mara mbili kwa mwaka. Kweli, pwani masika hukolea Mei, kusi ikiwa imekwisha kuingia. Lakini hiyo si sababu ya kumfundisha mtoto wa Kwale kwamba anaishi Kerala.

Hasara ya pili ni ya msamiati. Mahali "monsuni" inapokaa, majina mengi hukosa nafasi. Kiswahili cha bahari hakina upepo mmoja unaogeuka. Kina kusi na kaskazi, kila mmoja na tabia zake, na kati yao maleleji, wakati pepo zinapobadilishana, ambao huitwa pia tanga mbili. Kina demani, mwisho mwema wa kusi ambapo bahari huanza kutulia. Kina matlai wa asubuhi kutoka mashariki, na umande utokao bara. Haya si mapambo ya ushairi. Mvuvi mwenye mtumbwi au dau dogo hupunguza kwenda bahari kuu wakati wa kusi kwa sababu mawimbi yatamzamisha, na hutegemea kaskazi kwa riziki ya mwaka. Tangazo la hali ya bahari linalomwambia kwamba "upepo wa monsuni utaongezeka nguvu" halijamwambia upepo gani, utokao wapi, wala afanye nini. Neno "kusi" lingemwambia yote matatu. Inafaa pia ikumbukwe kwamba pepo hizi ndizo zilizompa Mswahili dira yake: kaskazini na kusini ni pande za upepo, kama vile mashariki na magharibi zilivyo pande za jua.

"Pepo za msimu" ni fasiri bora kuliko "monsuni", na ni haki kuitetea kwa mipaka. Baadhi ya wakosoaji huicheka kwa kuwa "pepo" huweza kufahamika kama mashetani, na kwamba mtoto akisoma ya kuwa pepo walileta majahazi anaweza kusadiki jambo lisilokusudiwa. Dhihaka hiyo haina kina. Upatanisho wa ngeli unatosha kuondoa shaka, kwani pepo za msimu huvuma na pepo wabaya huvuma kwa njia yao. Lawama iliyo nzito zaidi ni kwamba kila upepo una msimu wake, na kwa hiyo fasiri haibainishi chochote. Lakini hapa historia inaisaidia. "Msimu" katika fungu hili si majira yoyote tu. Ni ule wakati wa safari uliowekwa, na pepo za msimu ni pepo zinazoufungua na kuufunga. Fasiri hiyo inafaa kwa dhana ya jumla, pale mwandishi anapozungumzia mfumo wa pepo zinazogeuka popote duniani, ziwe za Asia, za Afrika Magharibi au za kusini-magharibi ya Marekani. Haifai kwa pwani yenyewe, kwa sababu huko pepo zina majina yake. Haifai pia kwa mvua za India, ambazo yatosha kuziita mvua za kusi za India, au mvua za msimu.

Kwa upande wa pili hapana budi kuikataa shauku iliyovuka kiasi. Hutokea wapenzi wa Kiswahili wakasema kwamba Wareno, wakiwa Malindi na Mombasa, walilichukua neno kwa Waswahili, na kwamba "monsoon" ni Kiswahili kilichovaa suti. Umbo la neno haliungi mkono dai hilo. "Moução" bado ina sauti mbili za aw ya Kiarabu, ambazo "musimu" ilikwisha kuzibana, na haina dalili yoyote ya -u ya mwisho. Aidha, neno lilikuwa katika vinywa vya mabaharia wa bandari zote kuanzia Hormuz hadi Malacca, na Wareno wangeweza kulisikia popote. Kiswahili hakihitaji kuwa mama wa neno la Kiingereza. Ni ndugu wa baba wa neno hilo, na amekaa karibu zaidi na nyumba ya asili.

Yanayofaa kufanywa ni machache na hayana gharama. Kamusi za Kiswahili kwa Kiswahili zinazoueleza msimu kuwa ni kipindi cha mwaka ambapo jambo fulani hutokea zingerudisha maana ya baharini, na kuiweka ya kwanza, kwa alama ya kuonyesha kwamba ni ya kale: wakati wa kaskazi, ambapo vyombo vya ng'ambo huwasili. Kamusi za Kiingereza kwa Kiswahili zingeigawa "monsoon" katika vifungu vitatu: upepo wenyewe, ambapo kisawe ni kaskazi au kusi kwa kutegemea unatoka wapi, mfumo wa pepo, ambapo ni pepo za msimu, na mvua, ambapo ni mvua za msimu, pamoja na tanbihi kwamba maana hii haihusu masika wala vuli. Katika vitabu vya historia, sentensi isemayo kwamba wafanyabiashara walikuja kwa pepo za monsuni ingeandikwa kwamba walikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Ina maneno machache zaidi, na inamwambia msomaji walikotoka, walikokwenda, na kwa nini walilazimika kukaa pwani miezi kadhaa kati ya kuja na kurudi, muda ambao walinunua, waliuza, walioa, na kujifunza lugha.